MBEGU HAIPIMWI KWA UMBO LAKE

Kila mwaka ifikapo tarehe 8 Agosti, Sikukuu ya Wakulima, viwanja vya maonyesho katika kanda zote za Tanzania Bara hujaa mazao yaliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Mahindi marefu yenye mistari iliyonyooka hupangwa mbele ya wageni rasmi, viongozi huyashika na kuyageuza mkononi, na watu husifu. Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Mkulima aliyejitahidi anastahili kuonekana. Hata hivyo liko swali moja ambalo aghalabu halisikiki katika viwanja hivyo, nalo ndilo tunalotaka kulileta leo mbele ya wasomaji wetu na mbele ya wahusika katika serikali zetu mbili: je, sifa hizo tunazozipigia makofi ndizo zinazoleta mavuno?

Swali hili tunaliuliza kwa kuangalia Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, Mkoani Rukwa. Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akashangaa, maana Ufipa iko mbali naye kupita Mombasa. Jibu letu ni kwamba Visiwa vyetu havijitoshelezi kwa nafaka, na unga wa sembe unaopikwa Mjini na mashamba huvuka bahari kutoka Bara. Mahindi ya nyanda za juu za kusini yakipungua, mwenye duka wa Darajani huona upungufu huo katika bei kabla hajausoma gazetini. Kwa hiyo mbegu ichaguliwayo na mkulima wa Ufipa ni jambo la meko yetu sisi pia.

Ufipa imeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani yake hupita mita 2,400. Mvua huanza kiasi cha mwezi wa Novemba na kukoma Aprili. Wafipa ni wakulima wa tangu zamani wenye elimu yao wenyewe. Mvua zinapokaribia kwisha, hulima nyasi na kuzifukia katika vilima vidogo vya udongo ili zioze ziwe mbolea, wakapanda maharage juu yake. Na msimu ufuatao huvibomoa vilima hivyo, wakausambaza udongo na kusia ulezi. Ulezi ndio uliokuwa nafaka yao kuu kabla ya mahindi kuenea.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, katika kipindi kile kile ambapo bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na mbolea ya ruzuku vilimfikia mkulima wa pembezoni. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa miongoni mwa mikoa minne iliyokuwa tegemeo la taifa kwa chakula. Bei ile moja ilikwisha kuondolewa zamani, lakini mahindi yalibaki. Pamoja nayo ilibaki haja ya kujua ni mbegu ipi imfaayo mkulima huyo.

Ili jambo lenyewe lieleweke, na tulianze kwa mmea mdogo unaojulikana na kila mpishi wa Visiwani: bamia. Mmea huu ni mwalimu mzuri, kwa sababu sifa zake zote zinaonekana kwa macho na zinahesabika kwa vidole. Mtaalamu anayetaka kuizalisha bamia bora huhesabu siku tangu kupanda hadi ua la kwanza, hupima urefu wa shina, huhesabu matawi na vifundo, huhesabu bamia zilizochumwa kwa kila mmea, hupima urefu na unene wa kila bamia na uzito wake. Kisha hutafuta katika takwimu hizo ni sifa ipi inayokwenda sambamba na uzito wa mavuno yote.

Watafiti wa nchi nyingi wamefanya hesabu hiyo, na jibu linalojirudia mara kwa mara ni hili: idadi ya bamia kwa kila mmea ndiyo inayobeba mavuno, na uzito wa bamia mojamoja hufuata. Tena sifa hizo mbili aghalabu huvutana. Mmea wenye bamia nyingi huelekea kuwa na bamia ndogo, na ule wenye bamia kubwa huelekea kuwa na chache. Mtu aliyechagua mbegu kwa kuitazama bamia moja iliyonenepa anaweza kuwa amechagua mmea mvivu bila ya kujua.

Na urefu wa shina je? Hapa ndipo penye somo. Mara nyingi mibamia mirefu huonekana kuzaa zaidi, na mtu mwepesi wa kuamua atasema urefu ndio unaoleta mavuno. Lakini tutazame namna mmea unavyozaa. Ua la bamia hutokea kwenye kifundo, penye kikonyo cha jani. Mmea wenye vifundo vingi una nafasi nyingi za kuzaa, na kwa kuwa vifundo vikiwa vingi shina nalo hurefuka, urefu na mavuno huonekana pamoja. Sasa chukua mmea mwingine uliorefuka kwa sababu pingili zake ni ndefu, bali vifundo vyake si vingi. Huo utakuwa mrefu vilevile, utamsumbua mchumaji, utaangushwa na upepo, na hautaongeza hata bamia moja. Urefu, basi, ni shahidi aliyesimama karibu na tukio. Mtendaji ni idadi ya vifundo vinavyozaa.

Tofauti hii baina ya shahidi na mtendaji ilipatiwa njia ya kihesabu na mwanasayansi wa Kimarekani, Sewall Wright, katika maandishi yake ya mwaka 1921. Alionyesha namna ya kuugawa uhusiano wa vitu viwili, ili ijulikane ni sehemu gani inayotenda moja kwa moja na ni sehemu gani inayopitia kwa kitu cha tatu. Mwaka 1959 Dewey na Lu waliitumia njia hiyo katika uzalishaji wa mbegu za majani ya malisho, na tangu hapo imekuwa chombo cha kawaida cha wataalamu wa mimea ulimwenguni. Ni hesabu isiyohitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji shamba lililogawanywa vizuri, mizani, daftari, na kijana aliyefunzwa kuhesabu bila ya kuchoka.

Wahenga wetu waliyasema haya kwa maneno machache: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ulimwengu nao umelipia gharama ya kuusahau usemi huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa Marekani walikuwa na mashindano makubwa ya mahindi, na washindi walipatikana kwa kutazama unyofu wa mistari, urefu wa hindi na kujaa kwa ncha yake. Mahindi yaliyoshinda yaliuzwa kwa bei ya juu kuwa mbegu. Mwaka 1904 mvulana wa shule aitwaye Henry Wallace, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Kilimo na kisha Makamu wa Rais wa nchi hiyo, aliyapanda mahindi ya aina hiyo na kuyapima mavuno yake. Akaona kwamba yale yaliyosifiwa kwa uzuri siyo yaliyozaa zaidi. Miaka ilipita kabla ya wakubwa kukubali, lakini hatimaye mashindano ya sura yalitoa nafasi kwa mashindano ya mizani.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na hali yetu, kwa kuwa ni wa mahindi ya nchi za joto. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico kilichukua aina ya mahindi marefu mno na kuchagua, kizazi baada ya kizazi, mimea iliyo mifupi. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 1986, baada ya mizunguko 15 ya uchaguzi, urefu wa mmea ulikuwa umeshuka kutoka sentimita 282 hadi 179. Mavuno hayakupungua, bali yaliongezeka sana. Mmea uliacha kupoteza nguvu zake katika bua na kuzipeleka katika punje. Mimea mingi zaidi iliweza kupandwa katika ekari moja. Na mabua yaliyoangushwa na upepo yakawa machache.

Turudi sasa Ufipa. Sehemu kubwa ya mahindi chotara yaliyoenea katika nyanda za juu za kusini ina asili yake Kitale, nchini Kenya, ambako utafiti ulianza mwaka 1955 na ambako mahindi ya wenyeji yalichanganywa na mahindi yaliyoletwa kutoka milima ya Ecuador. Chotara ya kwanza ya mchanganyiko huo, H611, ilitolewa mwaka 1964, na ndugu yake H614 akawa mashuhuri hadi kwetu. Kituo cha Uyole, Mbeya, nacho kimetoa aina zake, zikiwamo UH615 na UH6303. Kwa jumla hayo ni mahindi ya nchi ya baridi: marefu, yenye kuchelewa kukomaa, na yenye kuzaa vizuri mvua ikiwa ya kutosha na mbolea ikipatikana.

Ndani ya mkoa huo huo, lakini, mtu akishuka kutoka uwandani hadi Muze au Mtowisa, katika Bonde la Rukwa, anatelemka karibu mita 1,000. Joto linabadilika, na mmea ulioota kwa utulivu Sumbawanga unakuwa mgeni. Kule juu, kuchelewa kukomaa ni faida, maana mmea hutumia msimu wote kujaza punje. Kule bondeni, kuchelewa kunaweza kuwa hasara, maana mvua ikikatika mapema hindi halijajaa. Bamia nayo ni kinyume chake: bondeni joto linaipendeza, na uwandani baridi inaizuia kukua. Sifa moja, katika wilaya moja, ni baraka mahali na balaa mahali pengine. Kwa hiyo mbegu iliyopimwa Mbeya peke yake haijapimwa kwa ajili ya Rukwa yote, na iliyopimwa Sumbawanga haijapimwa kwa ajili ya Mtowisa.

Tena mavuno ya mkulima hayaishii shambani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu aitwaye dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aliingia nchini na kuanza uharibifu wake Tabora. Baadaye alienea mbali. Tangu hapo hindi lenye punje laini na maganda yasiyofunika ncha limekuwa hatari kwa mwenye ghala la kienyeji. Mtaalamu anayepima kilo siku ya kuvuna tu anaweza kuisifu mbegu ambayo nusu ya faida yake italiwa na wadudu kabla ya msimu mwingine. Ndiyo maana tunasema kwamba ugumu wa punje na kufunga kwa maganda ni sifa za mavuno, hata kama haziongezi kilo moja shambani. Sifa nyingine hazihusiani na wingi hata kidogo, na bado zina uzito wake: rangi ya njano ya maharage ya nyanda hizo haiongezi uzito wa gunia, lakini inaongeza bei yake sokoni, na mkulima hawezi kulaumiwa kwa kuipenda.

Wasomaji wetu wa Visiwani hawahitaji kushawishiwa sana juu ya haya, kwa sababu wameyaona katika muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia una hila. Mmea unaweza kusimama na kisamvu kizuri, mwenye shamba akatulia moyo, na siku ya kung'oa akakuta mizizi imeoza ndani. Aliyechagua kipandikizi kwa uzuri wa majani alijipandia hasara. Watafiti wa Kizimbani walipotoa aina za Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zenye kuvumilia ugonjwa huo, hawakuzichagua kwa kutazama majani peke yake. Ilibidi mizizi ing'olewe, ikatwe na kuchunguzwa. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole na haikuwa na makofi, lakini faida yake imeingia katika vyungu vya watu.

Tunajua kwamba baadhi ya maafisa watatujibu kuwa sheria ipo na taratibu zipo. Ni kweli. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliweka utaratibu wa kuthibitisha ubora, na taasisi ya TOSCI imekabidhiwa kazi hiyo. Aina mpya hutakiwa kutofautiana na nyingine, kuwa na mimea inayofanana, na kutobadilika kizazi hadi kizazi. Tena hupandwa katika mashamba ya majaribio kabla ya kuruhusiwa. Utaratibu huo unamlinda mkulima dhidi ya mbegu bandia, na sisi hatutaki ulegezwe. Lakini kufanana kwa mimea ni sifa ya kuitambulisha aina. Siyo ushahidi kwamba aina hiyo itamshibisha mtu wa Nkasi au wa Kalambo. Hati ya utambulisho haiwezi kugeuzwa kuwa cheti cha mavuno.

Wengine watasema kwamba mkulima mdogo hawezi kufanya uchaguzi wa kitaalamu, na kwamba kazi hiyo iachiwe kampuni na vituo. Hoja hii haina nguvu kama inavyodhaniwa. Mwaka 1961 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Gardner, alieleza njia nyepesi: kuligawa shamba katika viwanja vidogo, na kuchagua mimea bora katika kila kiwanja badala ya kuchagua iliyo bora katika shamba zima. Kwa njia hiyo mmea haupati sifa kwa sababu tu umeota penye kichuguu au penye zizi la zamani. Mavuno ya mahindi yake yaliongezeka karibu asilimia 4 kwa kila kizazi. Njia hiyo haimfai anayepanda chotara, ambaye hana budi kununua mbegu mpya kila msimu. Lakini kwa mwenye mahindi ya kienyeji au ya mchanganyiko, inawezekana kwa kamba, vigingi na macho mazuri.

Desturi yetu ya sasa ni kinyume chake. Mahindi ya mbegu huchaguliwa ghalani, kutoka kwenye rundo, pale ambapo hakuna ajuaye hindi lile kubwa lilitoka kwenye mmea wa namna gani. Katika bamia hali ni mbaya zaidi. Bamia za mwanzo, zilizotoka kwenye mimea iliyowahi kuzaa, huchumwa zikaliwa. Na zile zilizosahauliwa mwisho wa msimu, zikakauka juu ya mmea uliochelewa, ndizo zinazoachwa kuwa mbegu. Hivyo, mwaka hadi mwaka, tunaula ubora na kuupanda unyonge. Dawa yake haigharimu hata senti: mkulima aifunge uzi mimea michache iliyowahi kuzaa na kuzaa kwa wingi, na asiichume.

Kwa hiyo basi, tunawaomba wahusika wayatazame mambo manne.

Kwanza, majaribio ya mbegu zinazokusudiwa Rukwa yafanywe uwandani na bondeni, kila mahali peke yake, na matokeo yake yabandikwe katika ofisi za kata kwa Kiswahili, kwa kilo na kwa siku za kukomaa, ili mkulima asome na kuamua. Takwimu inayobaki katika kabati la kituo haijamsaidia aliyeilipia kodi.

Pili, zawadi za maonyesho ya kilimo zitolewe kwa mavuno ya ekari yaliyopimwa na kushuhudiwa shambani, na kwa mahindi yaliyokaa ghalani bila ya kuharibika. Hindi zuri la mezani libaki kuwa pambo.

Tatu, utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa, unaomruhusu mkulima kuzalisha na kuuza mbegu karibu na kwake chini ya ukaguzi, utumiwe kwa maharage, ulezi na mboga za Ufipa, ambazo kampuni kubwa hazina hamu nazo. Mbegu za asili za mazao hayo zikusanywe na kuhifadhiwa kabla wazee wanaozijua kwa majina hawajaondoka.

Nne, vituo vya Uyole na Kizimbani vishirikiane. Kilimo si jambo la Muungano, na kila upande una wizara yake, hilo linaeleweka. Lakini pande zote mbili zilipotaka kulinda haki za wagunduzi wa mbegu, ziliweza: Bara ilipitisha sheria mwaka 2012, Zanzibar ikapitisha ya kwake mwaka 2014, na mwaka 2015 Tanzania ikajiunga na umoja wa kimataifa wa haki hizo. Lililowezekana kwa ajili ya haki za mwenye kuzalisha aina mpya linawezekana pia kwa ajili ya sahani ya mlaji. Mtafiti wa bamia wa Unguja na mwenzake wa nyanda za juu wakipanda mbegu zile zile na kupima sifa zile zile, watajua katika miaka michache ambayo kila mmoja peke yake angeyajua kwa muda mrefu.

Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilitangaza kwamba siasa ni kilimo, na wengi wetu tuliyaimba maneno hayo. Mengi yaliyofuata yalipimwa kwa hotuba, kwa idadi ya ekari zilizotangazwa, na kwa urefu wa mabua yaliyoonyeshwa wageni. Mkulima wa Ufipa, ambaye kwa karne nyingi amejua kuzifukia nyasi leo ili avune kesho, hahitaji sifa zetu. Anahitaji mbegu iliyopimwa kwenye udongo wake, kwa mizani iliyo sawa, na matokeo yake akayasoma kwa lugha yake. Akiipata hiyo, atashiba yeye, na sisi tulio ng'ambo ya bahari tutanunua unga kwa bei iwezekanayo. Tunawakumbusha wahusika kwamba mvua za Novemba hazisubiri kikao.